Kasumba ya Kuogopa Mofini

Katika Kiswahili tunasema mtu ana kasumba pale wazo fulani linapomganda kichwani kiasi kwamba hata akioneshwa ukweli haliachi. Wengi tunaolitumia neno hilo tumesahau lilikotoka. Kasumba ni afyuni, ule utomvu wa mmea unaolevya. Waliolihamisha neno kutoka kwenye utomvu kwenda kwenye fikra walikuwa na jicho kali: waliona kwamba mawazo nayo hulevya. Mtu hulizoea wazo, likampa faraja, na mwisho akashindwa kuishi bila hilo.

Mofini hutokana na utomvu huohuo. Ni dawa inayotegemewa duniani kote kutuliza maumivu makali ya saratani, ya upasuaji na ya mifupa iliyovunjika. Ni ndugu pia wa heroini, ambayo vijiweni huitwa unga. Kwa hiyo anayeiogopa ana sababu. Lakini sisi mafrateri tunaosoma falsafa, ambao kazi yetu ya kila siku ni kuyapima mawazo, tunaona kwamba juu ya kitanda cha mgonjwa wa Kanda ya Ziwa zinapigana kasumba mbili. Ya kwanza imo ndani ya chupa, nayo inaweza kumfunga mtu. Ya pili ni hofu ya hiyo ya kwanza, nayo imo vichwani mwa ndugu wa mgonjwa, mwa baadhi ya watoa huduma, na hata mwa baadhi yetu tunaohubiri. Hoja yetu ni kwamba hofu hiyo imeachwa ijifanye busara, na Kanisa, ambalo katika kanda hii lina hospitali na lina mimbari, halina ruhusa ya kuinyamazia.

Maumivu ya kanda yetu

Tuanze na hali halisi, maana hoja isiyogusa ardhi ni kelele.

Mwanza ndiko iliko Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda. Ilijengwa kwa juhudi za Maaskofu Katoliki, ikafunguliwa mwaka 1971, ikachukuliwa na Serikali mwaka uliofuata, na mwaka 1985 ikarudi mikononi mwa Kanisa kwa makubaliano ya kuiendesha pamoja na Serikali. Wagonjwa wanafika pale kutoka Geita, Kagera, Mara, Simiyu, Shinyanga na visiwani. Wengi wanafika wamechelewa. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, mara nyingi hupandishwa meli ya Nansio akiwa tayari hawezi kukaa. Chanjo ya kuikinga kwa wasichana ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tunamshukuru Mungu kwa hilo, lakini mama zao na shangazi zao hawakuipata.

Ziwa lenyewe lina magonjwa yake. Kichocho kinachoshika watu wa pwani tangu utotoni, kisipotibiwa, kinaweza kuishia kwenye kuharibika kwa ini. Uvimbe wa taya kwa watoto, ambao daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Kampala mwaka 1958, unafahamika sana katika nchi zinazolizunguka ziwa hili. Kisha kuna selimundu. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huo, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zilizoelemewa zaidi. Aliyewahi kukaa na mtoto wa selimundu usiku mifupa inapombana hahitaji kuelezwa maumivu makali ni nini.

Sasa swali. Daktari anapowaambia ndugu kwamba saratani imeshasambaa na ni afadhali mgonjwa arudi nyumbani, mgonjwa huyo anarudi na nini? Wachache wenye bahati wanarudi na chupa ya mofini ya kunywa na maelekezo. Wengine wanarudi na panadol na diklofenaki. Zikiisha, ndugu wanakwenda duka la dawa kijijini kununua zilezile. Zisipofaa wanauza mbuzi, kisha ng'ombe, wanakwenda kwa mganga. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wakiwemo wengi wa kanda yetu, walisafiri hadi Loliondo kunywa kikombe. Watu wenye elimu waliwacheka. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu anayeumwa usiku na mchana ataufuata mlango wowote ulio wazi, na wajibu wa wenye akili timamu ni kuuliza kwa nini mlango wa hospitali hakuuona wazi.

Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Mwaka 2017 jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la kitabibu la Lancet lilieleza kwamba, kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini kabisa zilipata sehemu moja tu ya kumi ya tani. Msomaji arudie namba hizo polepole. Dawa yenyewe ni ya zamani, na ile ya unga unaochanganywa na maji ni ya bei nafuu. Kikwazo kikubwa, walisema, kimo katika sheria, katika mafunzo na katika hofu.

Hofu ina sababu zake

Tusiwadharau wanaoogopa. Marekani, kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza dawa ya OxyContin mwaka 1996, ikawaambia madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Kampuni hiyo ilikiri makosa mahakamani mwaka 2007, na ikakiri tena mwaka 2020. Kufikia mwaka 2021 vifo vilivyohusisha dawa za jamii hiyo, za hospitali na za mitaani pamoja, vilipita 80,000 kwa mwaka mmoja katika nchi hiyo.

Kuna jambo ndani ya historia hiyo linalotugusa sana sisi wanafunzi wa mantiki. Mwaka 1980 jarida moja kubwa la kitabibu la Marekani lilichapisha barua fupi ya sentensi tano. Waandishi wake walisema kwamba kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa dawa hizi hospitalini walipata wanne tu waliokuwa waraibu kwa uhakika. Barua ilisema hilo tu, na ilihusu watu waliolazwa wodini, chini ya macho ya wauguzi. Lakini ilinukuliwa mara zaidi ya mia sita, na wengi waliigeuza kuwa uthibitisho kwamba hata mtu anayepewa vidonge vya mwezi mzima aende navyo nyumbani, mwaka baada ya mwaka, hawezi kuzama. Kosa hili kwenye mantiki tunalijua: kuchukua linalosemwa juu ya wachache katika hali fulani na kulitangaza juu ya wote katika hali zote. Darasani kosa hilo linakupunguzia maksi. Kule liliua watu.

Na hatuhitaji kwenda Marekani. Tanzania ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini pale Muhimbili mwaka 2011, na leo huduma hiyo ipo pia katika Hospitali ya Sekou Toure, hapahapa Mwanza. Asubuhi vijana wanakuja kunywa dozi yao mbele ya muuguzi. Hao ni watoto wa parokia zetu. Tunajua familia ambazo zimeuza hadi mabati ya nyumba. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikionya pia juu ya dawa za hospitali zinazochepushwa kwenda mitaani. Mzazi aliyeona mambo haya akisikia daktari anamwandikia mgonjwa wake mofini, anashtuka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hatumlaumu. Tunamwomba tu tuangalie pamoja kama huu ni ung'ongo au ni nyoka.

Kutegemea na kutawaliwa

Hapa falsafa ina msaada mdogo lakini wa kweli: kutenganisha vitu ambavyo neno moja limevichanganya.

Mwili unaotumia mofini kwa wiki kadhaa huizoea. Ikikatwa ghafla, mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka, tumbo humsokota. Huo ni utegemezi wa mwili. Vivyo hivyo mwili huzoea baadhi ya dawa za pumu au za baridi yabisi ambazo daktari hakubali ziachwe kwa siku moja, huzipunguza kidogo kidogo. Hakuna anayemwita bibi wa baridi yabisi teja.

Uraibu ni jambo jingine. Mraibu anaitafuta dawa hata inapomharibia kazi, ndoa na afya, ameshindwa kujizuia, dawa imekaa kwenye kiti cha utashi wake. Mgonjwa wa saratani anayesema "Mama, saa imefika, nipe dawa" anatafuta kulala, kula uji, kuzungumza na wajukuu. Akiipata anarudi kwa watu. Mraibu akiipata anawakimbia watu. Mwelekeo wa safari hizi mbili ni tofauti, ijapokuwa chupa ni moja.

Tunasema hivyo bila kudai kwamba mgonjwa hawezi kuwa mraibu. Anaweza. Wapo wenye hatari kubwa zaidi: waliowahi kutumia unga au pombe kupita kiasi, wenye msongo mzito wa mawazo, vijana wanaotumia dawa kwa miaka. Kumtambua mtu wa namna hiyo mapema ni sehemu ya kumtibu, na kumtambua hakumaanishi kumnyima.

Minyororo miwili

Kwa nini tunauogopa uraibu? Tukichimba hadi chini tutakuta sababu ni uhuru. Binadamu ameumbwa kwa sura ya Mungu, ana akili na utashi. Kitu kinachomnyang'anya utashi kinamwibia kilicho bora ndani yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inayaita matumizi ya dawa za kulevya kosa zito, na papo hapo inaweka kando matumizi ya tiba. Msingi huo ni sahihi kabisa.

Lakini msingi huohuo unatugeukia. Maumivu makali nayo yananyang'anya uhuru. Mtakatifu Thomas wa Akwino, anapochambua maumivu katika Summa, anasema kwamba maumivu makali huivuta nafsi yote upande wao hata mtu asiweze kujifunza jambo jipya. Yeyote aliyejaribu kusali akiwa na jino bovu anamwelewa. Sasa mfikirie mama ambaye uvimbe unambana mishipa ya mgongo kwa miezi. Hawezi kusamehe aliyemkosea, maana hawezi kumaliza sentensi. Hawezi kuwagawia watoto shamba kwa haki. Padre anafika na Mpako Mtakatifu, na mama anamwangalia kana kwamba hayupo. Tunamnyima dawa ili asipoteze uhuru wake, wakati uhuru wenyewe ulishaondoka mwezi uliopita.

Thomas huyohuyo, alipouliza tufanye nini na huzuni na maumivu, alitaja machozi, huruma ya marafiki, kuitafakari kweli, na kisha, bila aibu yoyote, usingizi na kuoga. Mtaalimungu mkubwa hakuona haya kusema kwamba mwili ukipumzishwa nafsi nayo inapata nafuu. Katika maswali ya wagonjwa wa tiba shufaa, moja la kwanza ni "Ulilala?" Tunadhani Thomas angelipenda.

"Yesu aliikataa"

Kuna hoja inayosikika misibani na hata kwenye jumuiya ndogo ndogo: pale Golgota Bwana alipewa divai iliyochanganywa na manemane, naye hakuinywa; basi Mkristo naye avumilie. Hoja hii tuichukue kwa uzito, maana anayeitoa mara nyingi ni mtu wa imani.

Ni kweli Bwana hakuinywa. Aliikataa mwenyewe, akijua anachokitoa na kwa ajili ya nani. Mgonjwa Mkristo anayeomba apunguziwe dawa ili akae macho kwa ajili ya maungamo yake, au ili ayaunganishe maumivu yake na msalaba, anafanya tendo kubwa, na hatuna budi kuvua viatu mbele yake. Ila tendo hilo ni la kwake. Hakuna mahali katika Injili ambapo Bwana anakataa dawa kwa niaba ya mwingine. Akikutana na mwenye kuumwa, anaponya. Msamaria Mwema katika mfano wake alimimina mafuta na divai kwenye majeraha, ambazo ndizo zilizokuwa dawa za wakati ule, kabla hata ya kumpandisha mtu yule kwenye mnyama. Sadaka inayotolewa na shemeji, na muuguzi au na frateri kwa mwili wa mtu mwingine haiitwi sadaka.

Na Kanisa limeshalisema hili zamani. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio XII aliwajibu madaktari wa usingizi waliomuuliza kama inaruhusiwa kutuliza maumivu ya mgonjwa anayekufa kwa dawa za kulevya, hata kama pengine zitapunguza siku zake. Alijibu kwamba inaruhusiwa, pasipokuwa na njia nyingine na mgonjwa asipozuiwa kutimiza wajibu wake mwingine wa dini na wa maadili. Katekisimu, namba 2279, inafundisha hivyohivyo: kifo kisitakwe, wala kama lengo wala kama njia, kinachotakwa ni nafuu. Inaongeza kwamba tiba shufaa ni namna ya pekee ya upendo usiotafuta faida, na kwa hiyo itiwe moyo. Wataalamu wa tiba hiyo nao wanatuambia kwamba kipimo kinachopandishwa taratibu kwa kufuata maumivu kwa kawaida hakiharakishi kifo. Mtu asije basi akasema kwamba mofini ni mlango wa nyuma wa eutanasia. Ukweli ni kwamba anayeomba auawe mara nyingi ni yule aliyeachwa aumie.

Barua ya Papa Yohane Paulo II ya mwaka 1984 juu ya mateso yanayookoa, ambayo mara nyingine hutajwa ili kumnyamazisha mgonjwa, inamalizia kwa tafakari ndefu juu ya Msamaria. Anayeitaja aisome hadi mwisho.

Kiasi cha Milo

Je, basi daktari aandike mofini kwa kila anayelia? Hapana. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anasema fadhila ni kiasi, lakini kiasi kinachomfaa mtu, hakipimwi kwa hesabu tu. Kama ratili kumi za chakula ni nyingi mno na mbili ni chache, mwalimu wa mazoezi hawezi kumpa kila mtu sita. Kwa Milo mpiga mieleka ni kidogo, kwa anayeanza mazoezi ni nyingi. Madaktari wa maumivu wanafanya kazi hiyohiyo, na mwongozo wa ngazi ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1986 una roho hiyo: anza na dawa nyepesi, panda kadiri maumivu yanavyodai, toa kwa mdomo inapowezekana, na toa kwa saa ili mgonjwa asingoje maumivu yarudi ndipo aombe.

Tuwaangalie watu wanne.

Mgonjwa wa saratani iliyosambaa. Kwake swali la uraibu limebaki jepesi sana, na swali la nafuu ni zito. Ataandaliwa dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga choo, na ataelezwa kwamba kusinzia na kichefuchefu cha siku za mwanzo kwa kawaida hupungua. Kumnyima mtu huyu kwa kuogopa asiwe teja ni kumkataza mzee asipande mlima ambao hataufikia.

Kijana wa selimundu. Huyu ndiye anayeonewa zaidi. Ameumwa tangu mtoto, kwa hiyo anajua jina la dawa na anajua kiasi kinachomsaidia, na kujua huko kunamtia mashakani. Anapokelewa kama mwizi. Lakini ana miaka mingi mbele, na hatari ya uraibu kwake ni ya kweli. Anahitaji kliniki moja inayomfahamu, faili linaloonesha alipewa nini na lini, dawa ya haidroksiyurea inayopunguza vipindi vya maumivu, na mofini ya kutosha pale kipindi kinapokuja.

Dereva wa bodaboda aliyevunjika mguu. Apewe, ya siku chache, na tarehe ya kuacha itajwe siku ileile anayoanza.

Mtu mwenye maumivu ya mgongo ya miaka mingi. Hapa ndipo Marekani ilipotelea. Mazoezi, dawa nyingine na kubadili namna ya kubeba mizigo vitangulie. Mofini kwake ni njia inayoweza kumfikisha pabaya zaidi ya alipotoka.

Na pengine yuko wa tano: aliye kwenye methadoni pale Sekou Toure, kisha akapatikana na saratani. Huyu hakuna anayetaka kumwandikia. Lakini yeye naye ana mwili unaouma, na historia yake inadai uangalizi wa karibu zaidi, dawa ya siku chache kila mara, na mtu wa kumshika mkono. Kumwacha aumie kama adhabu ya unga aliowahi kuvuta ni hukumu ambayo hakuna mahakama iliyoitoa.

Ng'ambo ya maji

Anayeona haya ni ndoto avuke ziwa. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa wa shirika la Wamisionari wa Matibabu wa Maria, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, akitumia mofini ya maji, nafuu na chungu mdomoni. Mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni zake ili wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuiandika, na Serikali ikawa inaigharamia kwa wagonjwa. Waliona kwamba madaktari ni wachache na wako mijini, na maumivu yako vijijini. Hawakufungua milango ovyo: kuna daftari, kuna mafunzo, kuna kibali. Wimbi la uraibu kama la Marekani halikuzuka kutokana na chupa hizo.

Hapa nyumbani pia wapo waliotangulia. Ocean Road jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi imekuwa mahali pakuu pa kuandaa mofini ya kunywa. Ndugu zetu Walutheri wa Selian, Arusha, wamewafuata wagonjwa hadi majumbani kwa zaidi ya miaka ishirini. Hatuoni sababu ya Ukerewe au Sengerema kungoja zaidi.

Tunachoomba

Kwa wenye mamlaka: mafunzo na kibali cha kuandika na kutoa mofini viwafikie wauguzi na matabibu wa wilaya za ziwani, kama ilivyofanyika Uganda. Udhibiti ubaki mkali, ila uwe udhibiti wa kujua chupa iko wapi, usiwe wa kuhakikisha haipo popote.

Kwa hospitali za majimbo yetu: kila moja iwe na akiba ya mofini na angalau mtu mmoja aliyesomea kuitumia. Hospitali yenye msalaba juu ya paa isiyo na dawa ya maumivu makali inafundisha jambo ambalo Kanisa halikulifundisha.

Kwa familia: dawa ikae kwenye sanduku lenye kufuli, mtu mmoja awe ndiye anayeitoa, kila dozi iandikwe kwenye daftari la shule, saa na kiasi. Asigawiwe jirani hata akilia. Mgonjwa akifariki, kilichobaki kirudishwe hospitali kabla ya arobaini, kisikae kabatini kumngoja kijana wa nyumba. Wanaosema udhibiti vijijini hauwezekani hawajaona jinsi akina mama wa VICOBA wanavyotunza sanduku lao.

Kwa seminari zetu: tusome masuala haya kabla ya kupewa mimbari. Siku si nyingi watu watatuuliza kitandani kama ni dhambi kumeza dawa hiyo, na jibu letu litaamua kama watalala usiku ule.

Na kwa sisi sote tunaopeleka Komunyo kwa wagonjwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi: tukimaliza sala tusiondoke haraka. Tumuulize mgonjwa anaumwa kiasi gani, na alilala saa ngapi. Tuandike jibu. Kama hakulala, tuulize ni kituo gani cha karibu chenye tiba shufaa, tumpigie simu muuguzi wa pale tukiwa bado mlangoni, na tuwaeleze ndugu, kwa upole na bila kuwatisha, kwamba kuna dawa.